Kinywa Kilichokataa Kufungika

Kama umepewa mashine ya kulalia, ukavaa maski puani kama ulivyoonyeshwa, na bado unaamka ulimi umegandamana na kaakaa, kichwa kinauma, hewa yote ya mashine imekutokea kinywani, usiirudishe kwanza. Mimi nilibakiza kidogo tu niirudishe. Sikusomea uganga, nilikuwa mnunuzi wa kakao. Nitakueleza tu yaliyonipata kutoka Oicha mpaka Butembo, na namna nilivyojifunza upya kazi ambayo hata mtoto mchanga anaijua: kulala huku unapumua kwa pua.

Naitwa Katungu. Wengi wananiita Mama Masika, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Mume wangu, Kambale, ni seremala. Tulikaa Oicha. Nilinunua kakao kwa wakulima, nikaianika uani juu ya bashi, yaani turubai, kisha nikaipeleka Beni.

Ugonjwa wangu ulianza kama kichekesho. Kambale alizoea kuwaigizia wageni jinsi ninavyokoroma, nao wakacheka, na mimi pia nikacheka. Halafu siku moja, tukiwa mezani, niliona hacheki tena.

"Mama Masika," alisema, "ukilala unaachaka kupumua. Unanyamaza kabisa. Nakusukuma, njo unashtuka sawa mutu anatoka mu maji."

"Ni uchovu tu," nilimjibu.

Niliamini ni uchovu. Shingo ilikuwa imenenepa, miguu ilivimba jioni, na kila asubuhi niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilisinzia nikiwa nimeshika mizani, mkulima akiwa mbele yangu na gunia lake. Nilisinzia kanisani, wakati padri anahubiri, na mama mmoja wa kikundi chetu cha sala akasema kuna mtu ananikaba kwa uchawi. Wakanizunguka, wakaniombea. Sidharau sala, imenisimamisha mara nyingi. Ila nilirudi nyumbani, nikalala, nikakabwa tena.

Siku iliyonionyesha kwamba huu si uchovu ilikuwa siku ya mvua. Tulikuwa shambani nje ya Oicha, sisi na jirani zetu, tukipasua kakao, risasi zikasikika upande wa kijiji. Wauaji wa msituni walikuwa wameingia. Tulikimbilia katikati ya kakao, tukajibana karibu na kijito, majani yametufunika. Sauti za watu na mapanga zilikuwa zinasikika. Na mimi, pamoja na hofu yote ile, nililala.

Ndiyo. Nililala na kukoroma. Mtu mwenye afya hawezi kulielewa jambo hilo. Ugonjwa huu haukuombi ruhusa.

Jirani yetu, mama mwenye mtoto mgongoni, alimnong'oneza Kambale, "Huyu mama umutoshe hapa, umupeleke mbali. Atatuitia bauaji."

Kambale alinivuta karibu. Aliniketisha, akaniegemeza kifuani pake, akaanza kunifinya mkono kila kichwa changu kilipoinama. Alinifinya mpaka ngozi ikachubuka. Asubuhi tulitoka tukiwa hai. Wengine wa kijiji chetu hawakutoka. Yule jirani hakunisalimia tena tangu siku hiyo, na sikumlaumu. Alikuwa na mtoto.

Tulikimbilia Beni, kwa shangazi yangu katika mtaa wa Beu, tukakaa mpaka wakimbizi wakajaa na huko pia usalama ukaharibika. Ndipo tukapanda Butembo kwa Paluku, mdogo wa Kambale, na mke wake Kavira, mshonaji. Nyumba yao ni ndogo. Tulipewa sebule, tukalala pamoja na watoto wao. Butembo kuna baridi, wewe unajua. Kavira aliweka mbabula wa makala, lile jiko la makaa, katikati ya chumba ili watoto wapate joto. Kukoroma kwangu kulipita ukuta. Baada ya muda Kambale alichukua godoro lake, akaenda kulala katika karakana aliyopewa na fundi mwenzake, katikati ya mbao. Alisema anailinda. Nilijua analinda usingizi wake, na iliniuma kuliko maneno ya yule jirani.

Nilienda hospitali kwa sababu ya miguu iliyovimba. Benchi la kusubiri lilikuwa limejaa watu wenye majeraha ya vita: kijana aliyefungwa bendeji kichwani, mzee aliyepoteza mkono. Niliona aibu. Nilijisema, utawaambia nini hawa, kwamba umekuja juu ya usingizi? Nilipokuwa nawaza hayo, nikalala.

Nilipofungua macho, daktari mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, na benchi zima lilikuwa linaniangalia.

"Mama," alisema taratibu, "nilikuangalia kwanza, mbele nikuamshe. Ugonjwa yako nimeiona hapa hapa."

Alinieleza kwa maneno machache. Nikilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Mwili unakosa hewa, unashtuka, unarudi, na hivyo mpaka asubuhi. Hakuna dawa ya kumeza kwa hilo. Kuna mashine ndogo inayopuliza hewa puani, nayo hewa inaishikilia njia iwe wazi.

Masika wangu anakaa Kampala, anauza viatu. Alinipokea kule kwa ajili ya vipimo, nikalazwa hospitali nimefungwa nyaya kichwani na kifuani, na madaktari wakathibitisha yale daktari wa Butembo aliyoyaona benchini. Mashine yenyewe Masika aliituma baadaye, ikavuka mpaka wa Kasindi ndani ya mfuko wa viatu. Ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine, lakini ilikuwa nzima. Kambale alipanda juu ya nyumba, akafunga paneli ya jua, akavuta waya mpaka kwenye batri chini ya kitanda changu.

Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Maski ilifunika pua peke yake. Nikiwa macho, niliweza. Hewa iliingia baridi na safi, nikajisikia kama ninasimama penye upepo. Lakini usingizi ulipokuja, kidevu kilianguka, kinywa kikafunguka, na hewa iliyoingia puani ikatokea mdomoni ikipiga filimbi. Koo likaanza kuziba tena kama zamani. Niliamka midomo imepasuka, meno yanauma, ulimi mgumu kama ngozi ya ngoma. Sauti yangu ilikauka. Nilikuwa naimba alto kanisani. Nikawa nafungua tu kinywa kama samaki.

Watoto waliogopa. Kavira aliniambia asubuhi moja, tukichambua maharagi, bila kuniangalia.

"Mulamu, ile mashini inalia sawa mbuzi. Batoto hawalalaki. Na mimi hivi, nikishona, mushono unakwenda mbio mbio upande, juu ya usingizi."

"Nitaizima," nilisema.

"Sijasema uizime. Ukiizima unakorota, na ukikorota unakaribia kufa. Nasema tu tutafanya namna gani."

Neno hilo, tutafanya, nililishika. Hakusema utafanya.

Nilirudi kwa daktari na mashine mikononi. Hakuifungua. Aliniambia nikae, nifunge kinywa, nipumue kwa pua mbele yake. Nilijaribu. Kabla hajamaliza kuandika mstari mmoja, nilikuwa nimeshafungua mdomo, natafuta hewa.

"Umeona?" alisema. "Hata muchana unapumulaka na kinwa. Pua yako imefunga. Pua ikifunga, kinwa lazima kifunguke, hakuna namna. Usikigombeze kinwa. Anza na pua."

Akaniuliza ninalala wapi, nikamweleza: sebule, makala, dirisha dogo. Akaniuliza kuhusu vumbi. Mtu wa Butembo ukimuuliza kuhusu vumbi anacheka tu. Kiangazi barabara zetu ni unga mwekundu, unaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa.

"Ile mbabula itoke mu chumba," alisema. "Moshi wa makala ni mubaya kwa bote, hata batoto. Na pua utaisafisha na maji ya chumvi. Maji uchemushe kwanza, ipoe. Hapana maji ya bomba vile vile."

Jambo la mbabula lilileta maneno nyumbani. Paluku alisema nyumba ni yake na baridi ni ya watoto wake. Sikubishana, mimi ni mgeni. Ni Kavira aliyemjibu, huku mguu wake uko kwenye cherehani.

"Baba, Mama Masika akikufa mu salon yetu, utawaeleza nini batu? Batoto nitawaongezea blanketi."

Mbabula ukahamia jikoni.

Maji ya chumvi yalinichoma siku za kwanza mpaka machozi yakatoka. Niliinamia beseni uani, nikasukuma maji tundu moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yakatokea tundu la pili yakiwa mekundu kwa vumbi. Watoto walikuja kutazama kama vile ni sinema. Nilifanya asubuhi na jioni, sikuacha. Polepole pua ikafunguka, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

Mchana nilijifundisha. Nilipanda vilima vya Butembo kwenda sokoni huku nimefunga midomo, ulimi nimeuegemeza juu nyuma ya meno. Mwanzoni nilisimama kila kona, natweta. Watu walidhani nimenuna. Mama wa ligablo, duka dogo la jirani, aliuliza kama nimegombana na mume. Nilimjibu kwa kichwa tu, ili nisifungue kinywa, na sina shaka alienda kusema kwamba ni kweli.

Ndani ya mashine kulikuwa na chombo cha maji cha kulainisha hewa, lakini kukipasha moto kulimaliza batri kabla ya alfajiri, kwa hiyo Kambale alikuwa amekizima na kukiacha kikavu. Daktari alisema nitie maji yaliyochemshwa, hata yakiwa baridi yatasaidia kidogo. Yalisaidia kidogo. Katika ugonjwa huu kidogo na kidogo ndivyo vinavyokuponya.

Lakini kidevu kilikuwa bado kinaanguka. Rafiki yangu mmoja wa kwaya aliniletea sparadra, utepe wa gundi wa kubandikia vidonda. Alikuwa amesikia kwamba kule Ulaya watu wanajibandika kinywa wanapolala, basi. Nilitamani sana kuijaribu, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilimwonyesha daktari kwanza, na ninashukuru nilimwonyesha.

"Hapana, mama. Pua yako inafungaka bado. Batri ikikwisha, ao ukitapika, hewa itapita wapi? Wewe na batoto tu mu chumba, kinwa kimefungwa na gundi? Hapana."

Wewe unayesoma, hilo nakuomba ulishike. Usibandike kinywa chako kwa sababu rafiki amesema. Muulize anayekutibu.

Nilirudi nyumbani nikafunga kilemba chini ya kidevu, nikakikaza juu ya kichwa kama mtu mwenye jino bovu. Kililegea kabla hata sijalala vizuri. Kavira aliniona nikikifungua asubuhi.

"Leta kichwa," alisema.

Alinishonea mkanda wa kwanza kwa kitambaa cha suruali na lastiki pana. Alijivunia, na mimi nilijivunia. Ulishindwa vibaya. Ulivuta kidevu nyuma, kuelekea masikioni, na niliamka nimekabwa kuliko zamani, taya linauma mpaka sikuweza kutafuna ndizi za makemba. Nilitaka kuutupa. Kavira aliuchukua, akanifuata mpaka hospitali, akakaa na mimi benchini asubuhi nzima, kazi za wateja wake zikimngoja.

Daktari aliushika, akanivalisha, akatikisa kichwa. "Huu unarudisha kidevu nyuma. Tunataka kukipandisha. Na usikaze sana. Lazima akitaka kufungua kinwa, afungue. Na maski, mama, iko kubwa kwa sura yako. Nitakutafutia ingine."

"Kupandisha," Kavira alirudia. "Sawa. Nimeelewa."

Aliushona upya kwa pamba laini ya kikwembe chake cha zamani, njia mbili: moja kupita mbele ya masikio na kupanda mpaka utosini, nyingine nyuma ya kichwa ili ile ya kwanza isiteleze. Alinipima tukiwa mlangoni penye mwanga, pini ziko midomoni mwake.

"Usicheke," alisema kati ya pini. "Nitakuchoma."

Nilicheka. Akanichoma. Tukacheka wote wawili mpaka Paluku akatoka kuuliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, sikujisikia mzigo katika nyumba ile.

Nisikudanganye kwamba mkanda ule uliponya kila kitu. Mvua zilipoanza, mawingu yalikaa juu ya Butembo, paneli haikupata jua, na batri ikanizimikia. Nilipata mafua, pua ikafunga, nikarudi nyuma kabisa. Habari za vifo zilikuja kutoka Beni, tukaenda kilioni, nikalala chini na wanawake wengine bila mashine, na wiki nzima nikatembea kama mlevi. Kila nilipoanguka nilianza tena palepale: maji ya chumvi, kinywa kufungwa mchana, kulala kiubavu na mto mgongoni, mkanda, maski ndogo aliyonipatia daktari. Nilikuwa nimeamua. Vita ilikuwa imechukua shamba, nyumba na jamaa zangu. Usingizi wangu sikukubali uende nao.

Kakao ya kwanza baada ya mvua zile ilipoanza kuja kutoka Oicha, niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani, sielewi ni kitu gani kimebadilika. Kichwa hakikuuma. Nikasogeza ulimi. Kinywani mlikuwa na mate. Ni kitu kidogo, mate. Hakuna anayemshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi nilishukuru.

Baada ya siku chache Kambale aliingia na godoro lake begani. Alilitandika kando ya kitanda changu, akalipiga piga vumbi.

"Kule karakana kuko baridi mingi," alisema.

"Njo vile," nilimjibu.



Daktari aliniomba niwe nakuja siku za kliniki kuzungumza na wengine wenye mashine, kwani tulikuwa tumeanza kuwa kikundi. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Muhindo. Alikuwa mkulima wa Kamango, mwanaume mrefu, mwenye shingo pana kama yangu. Mke wake ndiye aliyesema.

"Anakubali ile maski ya pua. Lakini kinwa kinafungukaka, na mukanda anakataa. Nikimufunga, ananisukuma na mikono. Hajawahi kunisukuma tangu tuoane."

Nilikuwa na mkanda ndani ya mfuko wangu, Kavira ameshona mwingine makusudi. Nilikuwa nimeshaanza kuutoa. Muhindo aliuona, akasogea mwisho wa benchi.

"Mama," alisema, "siku bauaji ba musitu balinikamata, balinifunga kitambaa mu kinwa. Nilibeba bintu byao mu pori vile vile, kinwa kimefungwa. Nilitoroka, Mungu alisaidia. Lakini mutu hatanifunga tena hapa." Akagusa kidevu. "Hata huyu bibi yangu. Afazali nikufe na usingizi."

Mke wake aliangalia chini. Mimi niliurudisha mkanda mfukoni. Yote niliyokuwa nimeyatayarisha kumwambia, habari za chumvi, makala na vilima, yalinitoka kichwani. Nilimuuliza kakao ya Kamango inaendeleaje. Alinieleza namna wanavyoivundika katika majani ya migomba, tukabishana kidogo kuhusu siku za kugeuza, na uso wake ukalegea.

Mwishowe nilimwambia, "Hakuna mutu atakufunga. Mimi pia sitakufunga. Ukitaka, utashika tu mu mukono."

Siku ile aliushika mkononi, basi, tukiwa uani kwenye jua. Nilimweleza Kavira nyumbani. Alishona mwingine tofauti kabisa: hauna kifungo, hauna fundo, haugusi midomo, na upande mmoja una ncha ndefu inayoning'inia. Ukiivuta ncha kwa kidole kimoja, mkanda wote unaanguka.

Muhindo aliuvuta ukaanguka. Akauweka tena, akauvuta. Alifanya hivyo mchana kutwa, mke wake alinisimulia, akiwa anapalilia maharagi, akiwa anaongea na wageni, kama mtu anayejaribu mlango kuhakikisha kwamba unafunguka. Hatukumharakisha. Maharagi yalivunwa, yakapandwa mengine.

Aliporudi Butembo, daktari alitaka kuona hewa inatoka kiasi gani, akamwomba alale mchana ule ule katika chumba kidogo cha kliniki, mashine ikiwaka. Muhindo alivaa maski. Akachukua mkanda mwenyewe, akaupitisha chini ya kidevu, mbele ya masikio, juu ya kichwa. Akavuta ncha, ukaanguka. Akauvaa tena, akalala kiubavu, ameishika ile ncha mkononi.

Tulisimama pale mlangoni, daktari, mke wake na mimi. Kule nje watu waliongea, mtoto alilia, pikipiki ilipita. Muhindo alifumba macho, akafumbua, akatuangalia mmoja mmoja, akafumba tena. Mashine ilipumua taratibu, bila filimbi. Mke wake alijiziba mdomo kwa mkono asilie kwa sauti.

Muuguzi alikuja kusema kwamba wagonjwa wengine wanangoja chumba.

"Ubatafutie kwingine," daktari alisema. "Huyu tumuache."

Kidogo kidogo vidole vya Muhindo vililegea. Ncha ya mkanda ikamtoka mkononi, ikaning'inia pembeni ya kitanda, naye hakuitafuta. Kinywa chake kilibaki kimefungwa.